Chama Hupimwa kwa Dosie: Ushauri kwa Aliyeumia Kazini

Ruashi ni komini iliyozaliwa na kazi. Nyumba zake za zamani zilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya familia za wafanyakazi wa Lubumbashi, ambayo wakati huo iliitwa Élisabethville, na mpaka leo shimo la shaba na kobalti liko jirani na makazi ya watu. Kampuni inayolichimba, Ruashi Mining, ni ya Metorex kwa asilimia 75 na ya Gécamines, kampuni ya serikali ya Kongo, kwa asilimia 25, na Metorex yenyewe iko mikononi mwa Jinchuan ya China tangu mwaka 2012. Mahali kama hapa, kidole kilichokatwa na mashine, mgongo ulioharibika au kifua kilichojaa vumbi si habari ngeni. Swali huja baadaye, mtu anapotoka hospitali na kuambiwa hawezi tena kufanya kazi aliyoizoea: adai haki yake kwa njia gani? Wengine humwambia aende kwa sendika, wengine kwa chama cha wastaafu, wengine kwa avoka, na wengine humwambia anyamaze kwa sababu hakuna atakachopata. Jibu langu ni kwamba sendika na chama husaidia kweli, tena sana, kwa sharti moja: kazi yao ionekane ndani ya faili lako, yaani dosie kama tunavyosema hapa. Chama kisichogusa dosie yako hakijakusaidia bado, hata kama kimekupa kadi na kimekuita kwenye mikutano kumi.

Tuanze na kile kinachodaiwa. Nchini Kongo, mfanyakazi mwenye mwajiri hukingwa na mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, uliojulikana kwa miaka mingi kwa jina la INSS, ambao mizizi yake iko katika sheria ya 1961 na ambao sasa unafuata sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 13 kutoka mfukoni mwake. Chukua hati ya mshahara uisome. Anayelipwa franka 600,000 anapaswa kuona makato ya franka 30,000, na mwajiri wake anapaswa kupeleka franka 78,000 juu yake. Katika hizo za mwajiri, franka 9,000, yaani asilimia moja na nusu ya mshahara, zimetengwa kwa ajali za kazini na magonjwa yatokanayo na kazi. Hizo ndizo fedha za siku mkono utakapokatika. Kwa hiyo anayedai malipo ya ulemavu haombi sadaka wala huruma ya mkubwa yeyote. Anadai kitu kilicholipiwa kila mwezi kwa jina lake. Asiyelijua hili huingia ofisini akiwa ameinamisha kichwa, na aliyeinamisha kichwa hurudishwa nyumbani upesi.

Lakini haki iliyolipiwa haijitembezi yenyewe hadi kwa mwenyewe. Ukichunguza kwa nini madai hukwama, mara nyingi utakuta karatasi zenye kasoro kabla ya kukuta mtu mwenye roho mbaya. Ajali haikutangazwa kwa maandishi wakati ilipotokea, kapita alisema tu kwa mdomo kwamba atashughulikia. Jina lililo kwenye kadi ya mpiga kura lina herufi moja tofauti na jina lililo kwenye hati ya mshahara, na jina la baba halipo kabisa kwenye cheti cha daktari. Mwajiri alikata asilimia 5 miaka yote lakini hakupeleka orodha sahihi, hivyo miezi mingine haionekani kwa CNSS. Daktari aliandika kwamba mtu aliumia bila kuandika kwamba aliumia akiwa kazini. Kila kasoro peke yake ni ndogo, lakini zikikutana nne au tano, dosie hulala kwenye kabati mwaka mzima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na malipo ya ulemavu ni mali ya namna hiyo hasa.

Hapo ndipo chama kizuri kinapoonyesha thamani yake, na thamani hiyo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kujua njia: ofisi ipi huanza, karatasi ipi hutangulia, daktari yupi anapima kiwango cha ulemavu, na tarehe ipi ikipita mlango unafungwa. Ya pili ni kushuhudia: mjumbe wa sendika aliyekuwa kwenye zamu ile anaweza kuandika alichokiona, akataja saa na mashine, na ushahidi wake una uzito kuliko maelezo ya mgonjwa akiwa peke yake. Ya tatu ni kufuatilia. Mtu mwenye mguu mbovu hawezi kupanda basi kutoka Ruashi hadi mjini kila wiki kuuliza dosie imefika wapi, na asiyekuwepo na lake halipo. Mjumbe anayepita ofisini na orodha ya watu ishirini huuliza kwa ajili ya wote ishirini kwa nauli moja. Kazi hizi tatu hazina makelele na hazipigwi picha, na ndizo zinazoleta malipo.

Ushahidi wa jambo hili uko hata nje ya migodi, na wa wazi kuliko wote katika Afrika Mashariki ni ule wa wazee wa Mau Mau. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya, wanaume na wanawake walioteswa katika kambi za Waingereza miaka ya 1950, walifungua kesi London. Nyuma yao kulikuwa na chama cha wapiganaji wa zamani wa Mau Mau, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ambayo ni shirika la kiraia, na mawakili wa kampuni ya Leigh Day. Vyama hivyo havikuishia kupaza sauti. Walihojiwa wazee mmoja mmoja, makovu yao yalikaguliwa na madaktari, na wanahistoria walipekua nyaraka, zikiwemo zile ambazo serikali ya Uingereza ilikuwa imezificha Hanslope Park. Oktoba 2012 jaji aliamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa ingawa miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita, na tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wazee hao, wengi wao maskini wa vijijini, wasingefika huko mmoja mmoja. Wala wasingefika huko kwa wingi wao peke yake.

Naweza kusema hivyo kwa sababu kesi ya pili ilitupa kipimo. Baada ya ushindi wa 2013, Wakenya zaidi ya 40,000 walijiunga na kesi nyingine dhidi ya serikali hiyohiyo. Idadi yao ilikuwa karibu mara nane ya wale wa kwanza. Mwaka 2018 mahakama ya London iliitupilia mbali: muda ulikuwa umepita mno, na jaji aliona ushahidi uliobaki hautoshi kuendesha kesi kwa haki. Sisemi kwamba wale 40,000 walikuwa waongo. Bila shaka wengi wao waliteseka kweli. Ninachosema ni kwamba mateso ya kweli yasiyo na karatasi wala daktari wala tarehe hayana mguu wa kusimamia mbele ya jaji, na orodha ndefu ya majina haijazi pengo hilo. Umoja ni nguvu, naam, lakini nguvu ya kusukuma mkokoteni haina faida ikiwa mkokoteni hauna magurudumu. Dosie za mtu mmoja mmoja ndizo magurudumu.

Hapa kwetu tuna mfano wetu, na unauma zaidi kwa sababu ni wa baba na majirani zetu. Kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Banki ya Dunia. Walikuwa wamekaa muda mrefu bila mishahara, na walipopata fedha ya kuondokea wengi waliona haikulingana na miaka waliyotumikia. Waliunda umoja wao, Collectif des ex-agents de la Gécamines, wenye watu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na mwaka 2009 wakafikisha malalamiko yao hadi kwenye Jopo la Ukaguzi la Banki ya Dunia. Hilo ni jambo kubwa. Mzee mmoja wa Ruashi hawezi kuandikia Washington akasikika, umoja ukaweza. Mwanaanthropolojia Benjamin Rubbers aliandika uchunguzi mzima kuhusu umoja huo mwaka 2010, ishara kwamba sauti yao ilivuka mipaka. Hata hivyo, tofautisha mambo mawili yaliyochanganyikana humo. Dai la kwamba mpango wote ulikuwa na kasoro ni la pamoja, nalo hupiganiwa kwa umoja, kwa waandishi wa habari na kwa wanasiasa. Lakini dai la kwamba wewe, fulani, ulitoka na kifua kibovu baada ya miaka 25 kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, ni lako peke yako. Halishindwi wala halishindi pamoja na lile la wote. Msiba wa wastaafu wengi ni kusubiri dai la wote liishe ndipo waanze la kwao, na saa ya sheria haisubiri.

Saa hiyo ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba madai yatokanayo na mkataba wa kazi hufa baada ya miaka mitatu, na yale ya mshahara baada ya mwaka mmoja tu. Sheria hiyo pia haikuruhusu kwenda moja kwa moja Mahakama ya Kazi: lazima kwanza mgogoro upitie kwa Inspekta wa Kazi ajaribu kuwapatanisha. Nalo dai mbele ya CNSS lina taratibu na tarehe zake, ambazo yafaa uziulize siku ya kwanza, hata kabla bandeji haijatolewa. Ukijiunga na chama leo, swali lako la kwanza liwe hili: dai langu linakufa tarehe gani? Kiongozi anayejua kazi yake atakujibu kwa tarehe, au atakuambia ngoja niangalie kisha akurudie. Anayekujibu kwa hotuba, shukuru kisha utafute mwingine.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa, nalo lina msingi. Watu husema wajumbe wa sendika wamenunuliwa, wanakula na wakubwa, na mfanyakazi akiumia wanamshauri akubali kidogo anachopewa atie sahihi. Wapo wa namna hiyo, sitawatetea. Lakini dawa ya mjumbe mbovu imo ndani ya sheria yenyewe: wajumbe huchaguliwa na wafanyakazi kwa kura, na wanaweza kutokuchaguliwa tena. Tena hakuna anayekulazimisha kuwa na mlango mmoja. Kongo ina sendika nyingi, zikiwemo UNTC, CDT na CSC, na kukataliwa na mjumbe mmoja hakukuzuii kubisha kwa mwingine. La muhimu kuliko yote, usimpe mjumbe yeyote karatasi ya asili. Mpe nakala. Ya asili ibaki nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki, mahali mvua na panya hawafiki. Ukiwa na dosie yako mkononi, mjumbe aliyenunuliwa anaweza kukuchelewesha lakini hawezi kukuzika. Na kamwe usitie sahihi hesabu ya mwisho siku hiyohiyo unayoonyeshwa. Iombe, ipeleke nyumbani, mtu mwingine aisome.

Pingamizi la pili ni kwamba avoka ana nguvu zaidi kuliko chama. Katika mahakama, ndiyo, na likifika huko mtafute. Lakini madai mengi ya ulemavu hayahitaji mahakama, yanahitaji karatasi zilizokamilika na mtu wa kufuatilia, na kumlipa avoka sehemu kubwa ya fedha kwa kazi ya karani ni kujinyang'anya mwenyewe. Wenzetu wa mbali wamelifikiria hili. Marekani, ambako askari walioumia vitani hudai malipo serikalini, vyama kama Disabled American Veterans, kilichoanzishwa 1920, huandaa madai yao bure, na sheria inakataza mtu yeyote kumtoza askari kwa kuandaa dai la kwanza. Avoka huruhusiwa kulipwa baada ya serikali kutoa uamuzi ambao mdai haukubali. Afrika Kusini, wachimbaji wa dhahabu walioharibika mapafu kwa vumbi walipata makubaliano ya randi bilioni 5 mwaka 2018, na Tshiamiso Trust iliyoundwa kuwalipa, wakiwemo wa Lesotho na Msumbiji, imekuwa ikiwaonya watu kwamba kudai ni bure na anayewadai fedha ni tapeli. Ichukue kanuni hiyo uilete Ruashi: mchango wa kawaida wa chama ni halali ukiwa na risiti, nauli ya mjumbe inaeleweka, lakini anayetaka asilimia ya malipo yako kabla hata hajafungua dosie, mkimbie.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote mawili: chama kitamsaidiaje kijana aliyeajiriwa na kampuni ya kati, bila mkataba wa maandishi na bila namba ya CNSS? Hili si jambo la wachache. Uchunguzi wa mashirika ya RAID na CAJJ, uliotolewa Novemba 2021 kuhusu migodi mitano mikubwa ya Katanga, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake waliajiriwa kupitia makandarasi. Kijana huyo hudhani hana chochote kwa kuwa hana karatasi. Amekosea. Sheria ya Kazi inasema wazi kwamba mkataba usipoandikwa, mfanyakazi anaweza kuuthibitisha kwa njia zote za ushahidi. Kadi ya kuingilia getini ni ushahidi. Ujumbe wa simu wa kapita unaosema njoo zamu ya usiku ni ushahidi. Malipo yaliyopita kwenye simu, picha ya timu wakiwa na helmeti zenye jina la kampuni, wenzake watatu walio tayari kusema mbele ya Inspekta, vyote ni ushahidi. Na mwajiri aliyeacha kumwandikisha hawezi kuufanya uzembe wake kuwa kinga yake. Kwa kijana huyu chama ni muhimu hata kuliko kwa yule mwenye mkataba, kwa sababu mashahidi hupatikana kwa kikundi: wenzake wataogopa kusema mmoja mmoja, watasema wakiwa wengi. Piga picha karatasi hizo leo, uzitume kwa ndugu wawili, maana simu huibwa.

Wapo pia wanaosema malipo yenyewe ni madogo, hayastahili jasho hilo. Ni kweli kwamba ulemavu unaopimwa kuwa mdogo hulipwa mara moja tu, na hata ule mkubwa unaolipwa kila kipindi hauwezi kurudisha mshahara wote. Lakini fedha ndogo inayokuja kila kipindi, miaka mingi, ni ada ya mtoto na unga wa nyumba. Zaidi ya hayo, dosie iliyofunguliwa leo hulinda na walio nyuma yako. Mume akifariki kwa ugonjwa uliokwisha kutambuliwa kuwa wa kazi, mjane hana haja ya kuanza kuthibitisha upya kila kitu wakati wa msiba. Kwa sababu hiyohiyo, wanandoa waliooana kimila tu wapeleke ndoa yao ikaandikwe kwenye ofisi ya komini, na watoto waandikwe wakiwa wachanga. Wajane huambiwa hawatambuliki, na aibu hiyo huanza kwa safari moja ya komini iliyoahirishwa. Na anayestaafu akiwa mzima asiondoke bila cheti cha mwisho wa kazi chenye tarehe na aina ya kazi aliyofanya, maana madhara ya vumbi kwenye mapafu hujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuvua buti.

Basi chama kipimwe hivi. Kabla ya kujiunga, waulize viongozi wamefungua dosie ngapi za ulemavu mwaka uliopita na ngapi zimelipwa, na uombe kuzungumza na mtu mmoja aliyelipwa. Uliza nani hasa atafuatilia ya kwako, jina lake, na siku gani huenda CNSS. Uliza fedha za wanachama zinasomwa lini mbele ya wote. Baada ya kujiunga, kila karatasi inayopelekwa ofisini iwe na nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usitoke ofisini bila muhuri huo, hata karani akikuhakikishia kwamba anakujua. Ikipita miezi mitatu na ndani ya dosie yako hakuna hata karatasi moja mpya iliyoingizwa na chama, una jibu la swali lako, na una haki ya kuondoka.

Kwa viongozi wa sendika na vyama vya wastaafu wa Ruashi nina neno moja. Mikutano na maandamano yana wakati wake, lakini mzee aliyekaa uani na mkono uliokatika hahitaji hotuba nyingine. Anahitaji mtu mwenye kalamu, anayejua njia ya CNSS, atakayekaa naye saa moja na kuondoka na orodha ya karatasi zinazokosekana. Teueni watu wawili katika kila chama kwa kazi hiyo peke yake, wafundishwe sheria, wapewe nauli, watoe ripoti ya kazi yao kila mwezi. Na wewe uliyeumia, usisubiri wateuliwe. Leo jioni toa karatasi zako zote kabatini, zipange kwa tarehe, ulinganishe jina lako herufi kwa herufi. Kesho nenda kwa chama na nakala zake.